Nyekundu ya Nini?

Mpendwa Baba mdogo,

Juzi aliingia mteja hapa kwenye atelie yako, ile karakana ya kuchapa ya Nyamianda, mama mmoja wa Kalundu anayefungua nyumba ya kushona nguo. Anataka logo ya kuchapa kwenye kibao, kwenye mifuko, na kwenye vile vitambaa vidogo vinavyoshonwa ndani ya kola. Akanionyesha rangi kwenye telefone yake, akagonga kioo kwa ukucha, akasema, "Minye nataka bulu. Bulu hii hii." Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Bulu ya nini, mama?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama nguo alizovaa ni zake. Ilinibidi nikae. Nilicheka mpaka nikafuta machozi, naye masikini akadhani namcheka yeye.

Nilimwomba radhi, na tulimaliza vizuri. Kesho yake alirudi na kipande cha sketi ya shule ya binti yake, akakiweka mezani, tukaelewana bila maneno mengi. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikizungumza nawe kichwani, nikipika nazungumza, nikifua fremu nazungumza, mpaka nikaona afadhali niandike. Na nimeamua kuiandika barua hii wazi, anayetaka aisome, kwa ruhusa uliyonipa mwenyewe. Nitaifikia hiyo ruhusa.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilikuwa nimetoka tu kupata diplome, nina ordinatere, yaani kompyuta ya mtumba, ambayo baba alininunulia Bujumbura, na kiburi kizito kuliko ordinatere yenyewe. Nilijua programu ya kuchora. Nilikuambia kwamba mashine yangu inajua rangi milioni kumi na sita, na nilikuambia kwa sauti, ili na majirani wasikie. Wewe ulikuwa unafua fremu, zile mbao zenye kitambaa cha kupitishia wino, kwenye beseni, mikono imejaa wino mpaka viwikoni. Hukuinua hata kichwa. Ukauliza, "Na weye unatumiaka ngapi?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Ukasema, "Sawa. Leta ile beseni ingine."

Kazi ya kwanza uliyoniachia ilikuwa logo ya kwaya, ya kuchapwa kwenye tisheti na kwenye bahasha za michango. Nilichora njiwa wa rangi tano. Kwenye kioo cha ordinatere aling'aa, ungedhani anataka kuruka dirishani atue ziwani. Ulisogea, ukamtazama muda mrefu, ukasema, "Huyu anawaka. Iko taa nyuma yake. Karatasi haina taa, binti."

Kisha ukanitoa nje. Ulitandaza kwenye benchi karatasi nyeupe, bahasha ya kaki, mfuko wa mchele na tisheti nyeusi ya zamani, ukachukua raklete, ule ubao wenye ulimi wa mpira wa kuvutia wino, ukavuta wino ule ule juu ya vyote vinne. Kwenye karatasi ilikuwa bulu. Kwenye kaki ilikuwa kama maji ya kusuuzia vyombo. Kwenye mfuko ilishika hapa, ikaruka pale, na kwenye tisheti nyeusi haikuonekana kabisa. Nilisimama pale nimefunga mdomo, jambo ambalo mama yangu angelipa nauli kuja kuliona. "Rangi haikaake peke yake," ulisema. "Inakaa juu ya kitu, na kile kitu nacho kinaongea." Ukaniambia pia kwamba kila rangi ni fremu yake, na kila fremu ni mvuto wake, na kwamba fremu ya tatu ikiteleza kidogo tu, njiwa wangu atakuwa na midomo miwili. Nilimpunguza njiwa. Alibaki na rangi mbili, na mpaka leo kwaya ile inamvaa.

Halafu ile sheria yako ya fotokopi. Kila logo, hata iwe ya nani, lazima kwanza ipelekwe kwa jirani mwenye mashine, itolewe kopi nyeusi. Uliishika mbali na uso, ukakunja macho, ukahukumu. "Kama haisimame hapa, rangi haitaisimamisha." Rangi mbili zikitoka na weusi mmoja ulisema, "Hizi zimelala kitanda kimoja. Amusha moja." Siku moja nilichora nyota nyekundu juu ya kijani kwa ajili ya timu ya mpira ya mtaa. Kazi niliyoipenda! Uliitazama kwenye ordinatere kabla hata ya fotokopi, ukasema, "Hapa hakuna kitu."

"Kipo, Baba mdogo. Ni nyota."

"Weye unaona nyota. Minye naona kitambaa."

Nilinuna wiki nzima. Niliona ni ukali wa walimu wa zamani, wale wanaokataa kazi yako ili ujue nani mkubwa. Lakini fotokopi ilipotoka, kweli, kulikuwa na kijivu juu ya kijivu, na nyota hakuna. Nilikuheshimu kwa shingo upande, nikabadilisha.

Lakini kilichokupa jina mji mzima wa Uvira ni lile swali lako. Sisi katika Kiswahili chetu nusu ya rangi ni majina ya vitu: rangi ya majani, rangi ya chungwa, ya kahawa, ya majivu, ya udongo. Wengine husema hivyo na kupita. Wewe uliligeuza kuwa sheria ya nyumba. Mtu akisema nyekundu, uliuliza nyekundu ya nini. Akisema ya damu, uliuliza damu ya leo ama damu ya jana. Akikasirika ulimwambia kwa upole, "Leta kitu chenyewe." Na watu walileta! Rafu yako ilikuwa soko dogo: chupa ya mawese, kipande cha tofali, ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, konzi ya maharagwe, kifungo cha koti la padri fulani, vipande vya vitenge visivyo na idadi. Paka wa jirani alikula mara mbili rangi ya kibao cha muuza samaki, maana kipimo chake kilikuwa ndagala wenyewe.

Kikundi cha akina mama wa kanisa walikuja wakitaka nyekundu. Walikuwa wamekubaliana, wamefanya hata mkutano, wameandika kwenye karatasi. Uliwaambia kila mmoja alete nyekundu yake. Mwenyekiti alileta nyanya. Katibu alileta tunda la mchikichi lililoiva. Waliviweka mezani kando kwa kando na wakatazamana kama watu waliogundua kwamba kwa miaka yote wamekuwa wakisali kwa vitabu viwili tofauti. "Ile iko nyekundu?" "Sasa na ile yako iko nini?" Waligombana saa nzima kwenye benchi lako, nawe ukawanunulia fanta, ukangoja. Walipoondoka walikuwa na rangi moja, ile ya nyanya, na wino hata haujafunguliwa. Ungechapa bila kuuliza, wangegombana baadaye, mbele ya tisheti zilizokwisha kukauka. Niliwasikia njiani wanasema, "Yule mzee iko na jicho!"

Na hukuishia kwenye kitu chenyewe. Uliuliza pia, "Hii rangi, kule barabarani iko ya nani?" Maana Uvira hakuna rangi isiyo na mwenyewe. Hii ni ya chama, ile ni ya kampuni ya telefone, ile nyingine ni ya timu, na ile ya nne ni ya kanisa ambalo wateja wako walitoka kwa ugomvi mwaka jana. Mtu akichapa duka lake kwa rangi ya chama, ataulizwa maswali ambayo hakuyaandalia majibu. Ulimtuma mteja atembee kutoka Mulongwe mpaka hapa kwa miguu, ahesabu rangi za vibao. Wengi walirudi wamebadilisha mawazo na wamechoka. Siku hizi mimi nawatuma hivyo hivyo, nao hunilaumu hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye habari ya Sange, kule kwenye mashamba ya mpunga.

Mama Spesioza alikuja na minibasi asubuhi, ameketi karibu na dereva, na kifuko cha majani ya mpunga mapajani amekifunga kwa kitambaa chenye maji. Alikuwa tayari amesikia habari ya sheria yako. Alikuwa rais wa koperative ya wakulima wa mpunga, mama mfupi, mwepesi wa maneno, Kirundi kikimtoka kila alipokasirika au kufurahi. Miaka yote mchele wao ulikuwa unaingia kwenye mifuko isiyo na jina, ukifika sokoni unaitwa mchele wa mahali pengine. Mwaka ule walikuwa wamepata mifuko yao wenyewe, myeupe, mia mbili ya kuanzia, na walitaka shuke moja la mpunga katikati, rangi moja. "Majani," alisema, "lakini majani ya mpunga wetu. Haiko ya muhogo, haiko ya migomba." Akafungua kitambaa. Ulilishika jani, ukalipitisha kati ya vidole kama fundi anayepima kitenge, ukasema, "Hii njo nitachapa." Walikuwa wamekwisha kupatana na mwenye gari la kubeba mchele kwa Ijumaa.

Nilichora shuke, ukalipitisha kwenye fotokopi, likasimama. Ndipo nikaitwa niende Runingu, maana bibi yangu upande wa mama alikuwa anaumwa. Kabla ya kuondoka nikataka kukufurahisha. Makopo yako ya wino yalikuwa yale ya maziwa ya unga, yote ya aina moja, yamepangwa kwenye ubao kwa utaratibu ambao mimi niliuona ni fujo: nyeusi, kijani, nyeupe, nyekundu, halafu njano huko mwisho peke yake kama mtoto aliyeadhibiwa. Mara moja tu niliwahi kusogeza kopo, ukanifokea mpaka nikashangaa, wewe ambaye hufokei hata mbuzi anayekula bahasha. Nilikuwa nimesahau. Nikayafuta vumbi yote, nikayapanga upya, rangi zinazopatana kando kwa kando, kama kwenye ordinatere. Yalipendeza kweli. Nikaondoka nikijisifu.

Nilirudi siku ya tatu, mchana. Mifuko ilikuwa imetandazwa kila mahali, juu ya benchi, juu ya ukuta, juu ya kamba, mawe yamewekwa ili upepo wa ziwa usiichukue. Katikati ya kila mfuko kulikuwa na shuke la mpunga. Kazi safi, mistari imekatika vizuri, hakuna tone lililotoka nje. Na kila shuke lilikuwa jekundu.

"Baba mdogo," nikasema, "hii iko nyekundu."

Uliinua kichwa. "Nyekundu ya nini?"

Nilianza kucheka, nikidhani unanitania. Kisha nikauona uso wako. Ulikuwa unaangalia mfuko, unaniangalia mimi, unarudi kwenye mfuko, na mkononi ulikuwa umeshika jani la Mama Spesioza. Ulikuwa umeliweka juu ya wino, umelinganisha, umeona vinafanana. Swali lile nililolisikia kila siku, ambalo mji mzima uliliona ni hekima, lilikuwa swali. Ulikuwa hujui, na ulitaka nikuambie.

"Ya tofali," nilisema.

Ulikaa kwenye ndoo. Lori lilipita barabarani na vumbi lake, na kwa mara ya kwanza hukukimbia kufunika mifuko.

"Ulihamisha makopo," ulisema mwishowe.

"Niliyapanga. Nilitaka yapendeze."

"Yanapendeza?"

Nikasema ndiyo. Ukatikisa kichwa, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyoniliza. Afadhali ungenifokea.

Siku ile ndipo uliponieleza. Tangu utoto macho yako hayakutenganisha nyekundu na kijani. Mama yenu alikuwa anakutuma bustanini kuchuma pilipili zilizoiva, nawe unaleta zote, mbichi na zilizoiva, unapigwa kofi kwa uvivu. Ukajifunza kuzitambua kwa kuzibonyeza. Mama mdogo alijua tangu uchumba: ulimpelekea vitenge viwili ukiamini ni pea, kimoja chekundu, kimoja cha kijani, naye akavivaa vyote kanisani, chini hiki juu kile, watu wakasema ndiyo mtindo wa Bujumbura. Hakukuambia mpaka baada ya harusi. Fundi aliyekufundisha kazi alikuwa anachapa nyeusi peke yake, kwa hiyo hakugundua. Na wateja walipoanza kutaka rangi, ulikuwa tayari unaipenda kazi, na hukuwa na moyo wa kuiacha. Makopo uliyajua kwa mahali yalipokaa. Karatasi za majina hukubandika, maana nani angemwamini mchapaji anayehitaji kusoma ndipo ajue nyekundu?

Nikuambie nilichofikiri wakati ule? Sikufikiri jambo jema. Nilifikiri: tumekwisha. Mama Spesioza anakuja kesho. Akisema Sange nzima kwamba mchapaji haoni rangi, kufika jioni habari itakuwa Uvira, na wewe utabaki na fremu zako na jina la kuchekwa. Kwa hiyo nikatunga uongo mzuri. Tungesema yule muuza wino wa sokoni alitubambikia kopo lisilo lenyewe. Nilikuwa tayari hata kulia kidogo nikisema hivyo.

"Yule muntu iko na batoto," ulisema. "Na makopo yake haina kosa. Weye kesho utanyamaza."

Alikuja. Alisimama mlangoni, akaiona mifuko, akaweka chini kapu lake. "Mana yanje, Mungu wangu! Hii iko rangi ya tofali! Minye si nilileta majani? Si niliyafungia mu maji, nikayabeba kama mutoto?"

"Mama, ulileta," ulisema. Ulikuwa umesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Kosa ni yangu. Macho yangu haitenganishe nyekundu na majani. Tangu kuzaliwa kwangu iko vile. Nilikosa kopo, na sikuona."

Sijawahi kuona mtu mzima akitoa kitu cha thamani namna ile bila kuombwa. Ungeweza kusema ni uzee, ungeweza kusema ni binti huyu, na ingekuwa kweli nusu. Hukunitaja. Mama Spesioza alikutazama, akanitazama mimi, akatazama ile rafu yako ya mawese na tofali na ndagala.

"Sasa unachapaka namna gani?" aliuliza, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Nauliza watu."

"Na mpunga wetu, mu macho yako, uko rangi gani?"

Ulifikiri. Ulifikiri kweli, kama ilivyokuwa desturi yako kwa kila mteja. "Uko rangi ya mpunga, Mama. Sina jina ingine."

Mama Spesioza aligeuza mfuko mmoja, akautazama nyuma. Kisha akakunja mikono ya blauzi. "Mufuko iko na mbavu mbili," alisema. "Tugeuze. Leo yote inakwisha, minye sirudi Sange bila mifuko." Na sisi watatu tukafanya kazi mpaka jua likaelekea milima ya nyuma yetu. Mimi nilichagua kopo, nikalishika mkononi nisilitue. Wewe ulivuta wino. Mama Spesioza alibeba mifuko kuitandaza, akiimba Kirundi, akitukemea tukipumzika. Upande wa pili wa kila mfuko ulipata shuke la kijani, kijani cha jani lile lile. Alipopanda gari alikuambia maneno mafupi: "Habari ya macho ni ya daktari. Minye niko mukulima." Na kweli alinyamaza. Watu wa sokoni walipomuuliza kwa nini mifuko yao ina pande mbili, alijibu kwamba ule mwekundu ni mpunga uliochoka kungoja gari.

Mavuno yaliyofuata alirudi kwako. Angeweza kwenda kwingine. Alileta majani, kwenye kitambaa chenye maji.

Baada ya hapo kulikuwa na raha mpya kati yetu, wewe na mimi. Niliandika majina kwenye makopo, chini ya kitako, mahali ambapo mteja haoni. Na ulianza kuniuliza mambo ambayo nadhani ulitaka kuyauliza maisha yako yote. Siku moja tukinywa chai ukasema, "Sasa uniambie. Nyekundu iko namna gani?" Nilijaribu. Nikasema ni joto. Ukasema moto umekwisha kuuona, haukuambii kitu. Nikasema ni kile unachokiona kwanza ukiingia sokoni, kabla ya kitu kingine chochote. Ulipuliza chai yako, ukasema, "Kumbe njo maana nakanyangaka nyanya za watu." Tulicheka mpaka Mama mdogo akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Baba mdogo, nakustaajabia. Niseme wazi, maana ukiwa hai ungenikatiza. Wenye macho mazima wanachagua rangi kwa kupenda, wanapenda leo, kesho wanashangaa walichopenda. Wewe hukuweza kupenda, kwa hiyo uliuliza, ulisikiliza, ulipima, ulirudia. Ulijua kama herufi itasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Ulijua karatasi ipi inakunywa wino na mfuko upi unautema. Ulijua mama wawili wanaposema neno moja hawasemi kitu kimoja. Mimi mwenye rangi milioni kumi na sita nilikuwa sijui hata moja ya hayo. Kila logo yangu inayosimama leo, inasimama kwa sababu mtu asiyeiona rangi yake alinikataza nisijidanganye nayo.

Na ruhusa uliyonipa ni hii. Ulipokuwa umelala kwa ule ugonjwa wa mwisho, ulinishika mkono, ukasema, "Nikiisha kwenda, useme. Siri ilikuwa ya kazi, haiko ya kaburi. Pengine iko mutoto mahali fulani anapigwa juu ya pilipili, anafikiri hii kazi haiwezi." Nikakuahidi. Nimechelewa kidogo, unisamehe. Nilikuwa naogopa watu watakucheka, na bado sikuwa na nguvu ya kukuona ukichekwa.

Lakini kuna jambo moja walilolisema watu, na linaniuma mpaka leo. Ulipoondoka, ukoo ulitaka tisheti za matanga, na bila shaka nizichape mimi. Kaka yangu alitaka zambarau ya kanisa. Binamu zetu walitaka dhahabu, na jina lako kwa nyekundu, na kingo za kijani, mtu wa rangi azikwe kwa rangi. Walikuwa wameshachora. Niliwasikiliza wote, kisha nikaingia ndani nikafunga mlango, nikachapa ninavyotaka mimi: uso wako na jina lako, nyeusi kwenye nyeupe, fremu moja. Walikasirika. Nilisikia wakisema nimekuwa mvivu, nimekuwa bahili, nimemfanya baba yangu mdogo kama tangazo la fotokopi. Sikujibu, maana jibu lilikuwa bado siri, na matanga si mahali pa kufafanua.

Siku ya maziko Mama Spesioza alifika kutoka Sange, mguu unamuuma, amevaa kitenge chake kizuri. Nilimpa tisheti yake. Aliikunjua, akaishika mbali na uso kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu kuliko mtu yeyote. Nilingoja anikemee naye. Akanivuta karibu, akaniambia sikioni, polepole:

"Hii ataiona."

Lala salama, Baba mdogo wangu.

Mimi,
binti wa kaka yako